Mdudu wa Madoa: Ni wa Ukoo Gani, na Anakula Nini?

Mwezi huu ukurasa wa bustani na ukurasa wa watoto tumeviunganisha kuwa kitu kimoja. Swali lilitoka kwa mtoto, lakini jibu lake linawahusu zaidi wazazi.

Mtoto mmoja wa darasa la nne alikwenda shuleni na kijidudu chekundu chenye madoa meusi, amekifungia ndani ya kibiriti. Akauliza: huyu ni mdudu gani, na anakula nini? Mwalimu akasema kwa Kiingereza anaitwa ledibedi. Watoto waliosomea Congo wakabisha, eti huyo ni koksineli. Kelele zikawa nyingi juu ya jina, na swali la pili likasahaulika. Mtoto akarudi nyumbani, akaweka kipande cha jani la kabichi ndani ya kibiriti, maana aliona wadudu wote wanakula majani. Siku ya tatu mdudu akafa. Alikufa na njaa akiwa amelala juu ya chakula ambacho si chake.

Katika ukurasa huu tutamwita mdudu wa madoa, ili Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali tuelewane.

Mimi pia siwezi kumcheka mtoto huyo. Nyinyi mnaokaa Nakivale, Kyaka au Kyangwali mna vipande vya shamba, lakini sisi wa Katwe, Nsambya na Kabalagala shamba letu ni gunia. Unajaza udongo na samadi, katikati unaweka mawe ya kupitisha maji, unatoboa pembeni na kupanda. Nilikuwa na magunia matatu nyuma ya chumba tunachopanga: mawili ya sukuma wiki, moja la lengalenga. Mboga ya watoto ilitoka hapo, na wiki nyingine nilipata mafungu mawili matatu ya kuuza.

Mvua ilipokatika, vidukari wakaingia. Vidukari ni vile vidudu vidogo laini, vya kijivu kama vimepakwa unga kwenye sukuma, au vyeusi kwenye maharagwe, vinavyoganda chini ya jani na kufyonza maji yake mpaka jani linajikunja. Nilipogeuza majani nikaona na kitu kingine: vijidudu virefu vyeusi vyenye alama za rangi ya chungwa, vina miguu ya mbele-mbele, vinakimbia, vimekaa kama mamba wadogo. Nikasema basi, hawa ndio wazazi wa taabu yote. Nikachukua kijiti nikawaponda mmoja mmoja. Walipita thelathini. Nilijiona nimefanya kazi ya maana siku hiyo.

Baada ya wiki moja magunia yote mawili ya sukuma yalikuwa yamefunikwa. Jirani yetu, mzee aliyekuwa agoronome huko Kivu kabla ya vita, alikuja kuangalia. Akageuza jani, akageuza lingine, halafu akaniuliza, "Mama, na watoto wa koksineli umewapeleka wapi?" Sikumwelewa. Akasema, "Wale mamba wadogo. Wale ndio walikuwa askari wako."

Jamani! Kumbe niliua watoto wa mdudu yuleyule mzuri ambaye watoto wetu wanamwacha atembee mkononi.

Sasa tuanze na ukoo wake, maana bila kujua ukoo huwezi kujua anakula nini.

Wataalamu wa viumbe wana utaratibu unaofanana na ule wa kujiandikisha ofisini. Unaulizwa nchi, halafu jimbo, halafu teritwari, halafu kijiji, mwisho jina la baba na jina lako. Kila swali linapunguza watu mpaka unabaki peke yako. Utaratibu huo kwa wanyama unafuata kazi ya Mswidi aliyeitwa Carl Linnaeus, katika chapa ya mwaka 1758 ya kitabu chake Systema Naturae. Mdudu wa madoa alikuwa tayari ameandikwa humo.

Nchi yake ni wanyama. Jimbo lake ni la wale wenye miguu ya viungo na ganda gumu nje badala ya mifupa ndani: humo wamo kaa wa baharini, buibui, nge, jongoo na wadudu wote. Teritwari yake ndiyo wadudu wenyewe. Hapo sharti ni kuhesabu. Mdudu wa kweli ana miguu sita, na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana minane, kupe mkubwa naye minane, kwa hiyo ingawa tunawaita wadudu kila siku, kwenye orodha hii hawamo. Wapeni watoto kazi hiyo jioni moja, wahesabu miguu ya kila kinachotambaa nyumbani. Watabishana, lakini watajifunza.

Kijiji chake ni mbawakawa. Alama ya mbawakawa ni mabawa mawili ya mbele yaliyokuwa magumu kama kifuniko, na chini yake mabawa mawili laini ya kurukia. Mtazameni mdudu wa madoa anapotaka kuruka: anafungua ganda katikati kama milango miwili, ndipo yanatoka mabawa ya kweli yaliyokunjwa ndani. Hiki ni kijiji kikubwa kuliko vyote duniani. Aina zilizokwisha kupewa majina zinafika karibu 400,000. Humo mna kimulimuli anayewaka usiku, mna yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe, mna fukusi na dumuzi wanaotumalizia mahindi na maharagwe ya ghalani. Kwa hiyo msishangae kuona katika kijiji kimoja mwizi na mlinzi wanakaa pamoja.

Ukoo wenyewe wataalamu wanauita Koksinelide, kutokana na neno la Kilatini la rangi nyekundu. Una aina kama 6,000, na si zote nyekundu. Kuna za manjano, kuna nyeusi tupu, kuna zenye mistari. Vitabu vya watoto vya Ulaya vinamchora yule mwenye madoa saba, na mtoto wa Kampala akimtafuta huyo atachoka bure. Wa kwetu anayeonekana sana ni mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa au nyekundu yaliyopinda kama mwezi mchanga. Pia si kweli kwamba idadi ya madoa ni miaka yake. Madoa ni ya aina yake tu, hayaongezeki, na wengi wao hata miaka miwili hawafikishi.

Kuhusu majina, Wazungu nao wana hadithi zao. Waingereza wa zamani walimpa jina la Bikira Maria, wakisema wekundu ni joho lake. Wafaransa wana jina lingine la utani, mdudu wa Mungu mwema. Wamarekani wao humwita kwa neno ambalo mtaalamu hawezi kukubali, kwa sababu neno hilo kwake ni la kijiji kingine kabisa, cha wenye mdomo mfano wa mrija wa kufyonzea. Katika kijiji hicho wamo kunguni wa kitandani, tunaowajua sana sote tuliopanga vyumba hapa mjini, na wamo vidukari. Yaani wamempa mlaji jina la chakula chake! Mdudu wa madoa hana mrija wa namna hiyo. Ana taya za kuuma na kutafuna.

Haya, anakula nini?

Wengi wa ukoo huu wanakula nyama. Chakula chao kikuu ni vidukari, na wengine hula vidung'ata, wale weupe wenye unga kama pamba wanaokaa kwenye mapapai na mihogo. Wengine ni wadogo sana, weusi, hata ukimwona hutamjua, na hao kazi yao ni kula utitiri. Mkubwa mmoja mwenye afya anaweza kumaliza vidukari 50 kwa siku, na kwa maisha yake yote hutajwa hesabu ya kufika 5,000. Mtoto wake, yule mamba niliyemponda, naye anakula mamia kabla hajakua. Tena yeye hana mabawa, haendi popote, anakula palepale alipozaliwa. Kwa mwenye gunia moja, huyu mtoto ana faida kuliko mama yake anayeruka akaenda kwa jirani.

Safari yake ni hii. Mama anatafuta jani lenye vidukari, anataga mayai ya manjano yaliyosimama wima pamoja kama punje za mchele, mara nyingi chini ya jani. Kwa joto letu, siku chache tu yanaanguliwa. Mabuu wanaotoka kwanza wakikosa chakula karibu wanakula mayai ya ndugu zao ambayo hayajaanguliwa. Si habari nzuri kuwasimulia watoto usiku, lakini ndivyo ilivyo. Buu anajivua ngozi mara kadhaa akikua, halafu anajigandisha kwenye jani, anakaa kimya kama kitone cha nta ya chungwa, hali, hatembei. Wengi wanadhani ni ugonjwa wa jani na wanambandua. Kumbe humo ndani mwili unageuzwa wote, na baada ya siku kama tano hivi anatoka mbawakawa kamili, kwanza ana rangi hafifu bila madoa, halafu madoa yanajitokeza polepole. Kutoka yai mpaka mkubwa ni wiki tatu hivi au zaidi kidogo.

Shikeni hesabu hiyo ya wiki tatu, maana ndipo penye shida. Kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto walio hai, na kitoto cha leo chaweza kuwa mama baada ya wiki moja au siku kumi. Kwa hiyo vidukari siku zote wanatangulia, na askari wanakuja nyuma. Mkulima akiona majani yamejaa na askari ni wachache, moyo unakata, anakimbilia dawa. Dawa inaua wote. Vidukari wachache waliojificha ndani ya mkunjo wa jani wanaanza kuzaa upya, na safari hii hakuna wa kuwala.

Dawa yenyewe nayo! Jirani mwingine, dada mwenye watoto wanne, alinunua mjini katika duka moja dawa iliyomiminwa ndani ya chupa ndogo ya soda, haina karatasi, haina jina, haisemi ipigwe kiasi gani wala ungoje siku ngapi kabla ya kuchuma. Aliipiga jioni, keshokutwa akachuma lengalenga akapika. Chupa iliyobaki aliiweka chini ya kitanda, maana chumba ni kimoja, utaiweka wapi? Kitinda mimba wake wa miaka minne aliiona, akaifungua, akidhani ni soda. Bahati dada yake mkubwa alisikia harufu akaipokonya. Tangu siku hiyo yule dada hataki kabisa kusikia habari ya dawa, na mimi sikumlaumu. Ikiwa lazima ununue, nunua iliyofungwa na kiwanda, yenye maandishi, na mtu anayejua kusoma akusomee yote. Chupa ya soda ni ya soda.

Lakini nisiwafiche kitu: katika ukoo huu wamo pia wanaokula majani. Ni wachache kuliko wala nyama, ila ukiwapata kwenye biringanya, nakati, viazi au maboga utajua wamefika. Wanakwangua nyama ya jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, jani linabaki kama wavu. Mmoja wao hula majani ya mahindi, mtama na mpunga, na ametajwa kati ya wadudu wanaoeneza virusi vya umanjano wa mpunga, ugonjwa ulioonekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966, upande wa Ziwa Victoria.

Utawatofautishaje? Yule mzee agoronome alinifundisha kutumia jua. Shika jani, ligeuze kwenye mwanga. Mla nyama mgongo wake unang'aa kama umepakwa mafuta. Mla majani hang'ai, kwa kuwa ana vinyweleo vifupi kama kitambaa cha mahameli, na mara nyingi ana rangi ya kutu yenye madoa mengi. Watoto wao wanatofautiana zaidi. Mtoto wa mla nyama ni mweusi au kijivu, mwembamba, mwepesi wa kukimbia. Mtoto wa mla majani ni wa manjano, mnene, amejaa miiba yenye matawi kama kichaka, tena ni mzito kutembea. Huyo wa miiba mwokote umponde, na mayai yake pia. Halafu angalia yuko juu ya nini: aliyekaa katikati ya vidukari yuko mezani, aliyekaa kwenye jani safi lililokwanguliwa naye yuko mezani, ila meza ni yako.

Wamo na wa tatu, wanaokula ukungu mweupe unaoota juu ya majani, ule unaoitwa ubwiri unga. Hao hawamdhuru mtu.

Je, mdudu wa madoa anaweza kutuokoa peke yake? Mara moja ilitokea hivyo, tena kwa sifa kubwa. California, Marekani, michungwa ilikuwa inakufa kwa mdudu mweupe mfyonzaji aliyetoka Australia. Mwaka 1888 mtaalamu Albert Koebele alitumwa hukohuko Australia, akatuma mdudu mdogo wa madoa anayekula adui huyo. Mwaka 1889 haujaisha, michungwa ilikuwa imepona. Siri ilikuwa moja: mdudu yule hana chakula kingine. Alimfuata adui wake mti kwa mti mpaka wa mwisho.

Wa kwetu hawako hivyo. Wazee wa Congo mtakumbuka kidung'ata wa muhogo, aliyeonekana Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kusini, akakausha mihogo na sombe nchi baada ya nchi. Wadudu wa madoa wa Afrika walimjia kweli, wakala, ila walikuja vidung'ata wakiwa wameshajaa, na walipopungua wakahamia kwingine. Aliyemweza ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981 na kuanza kuachiliwa Nigeria mwaka huohuo. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Aliyeongoza kazi hiyo, Mswisi Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, wakati huo akiwa mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi.

Kwa hiyo mdudu wa madoa tumchukue kama jirani mwema anayesaidia, si kama daktari. Na wewe umsaidie. Vidukari wakiwa wachache, waponde kwa vidole au wamwagie maji kwa nguvu chini ya jani, ukiwaacha wengine kidogo ili askari wapate cha kuwavuta. Maji ya sabuni yanaua vidukari, lakini yanaua na mabuu laini, basi yapake kwenye jani lisilo na mabuu tu. Acha mimea michache ya dania itoe maua, kwa sababu mkubwa akikosa vidukari hula chavua na maji matamu ya maua badala ya kuondoka. Angalia pia sisimizi: hao wanafuga vidukari kama ng'ombe, wanakunywa utamu unaowatoka, na wakimwona mdudu wa madoa wanamfukuza. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda gunia, fuata msururu, utafika kwa vidukari.

Na msipokee wadudu wa kuletwa kutoka mbali. Kuna mmoja wa Asia aliyepelekwa Ulaya na Marekani kwa nia njema, naye akaanza kula wadudu wa madoa wenyeji. Taarifa ya kuonekana kwake Kenya ilitoka mwaka 2011, na baadaye Tanzania na Zanzibar.

Watoto, sasa zamu yenu. Tafuteni mamba mmoja mdogo mweusi, mumweke ndani ya chupa pana ya plastiki iliyooshwa, mdomo mfunike kwa kitambaa chepesi. Kila asubuhi mpeni tawi lenye vidukari mliowahesabu, jioni hesabuni waliobaki. Msimpe kabichi tupu! Akijigandisha, msimguse, ngojeni. Siku atakapotoka, mwachieni kwenye gunia la mama, halafu mtuandikie: alikula wangapi, alikaa kimya siku ngapi, na kwenu huyu mdudu mnamwitaje. Majina yatakayofika tutayachapa mwezi ujao, kila lugha na lake.